Sabufa, Kochi na Kiti cha Baba

Nyumbani kwetu Genkuru, sebuleni, palikuwa na kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa mimi. Kilikuwa katikati ya chumba, kinatazama mlango, na kwa mila za kwetu Wakurya watoto walikipitia mbali kana kwamba kina umeme. Mimi nami, kama mwenye mji, sikukaa kochi. Kochi lilikuwa limeegemea ukuta, la mama na wanawe.

Niliponunua sabufa nikaipeleka kwenye kona, ubavuni mwa kochi, ikavishwa kitambaa cha kufuma. Nikaketi kitini, nikawasha muziki, nikasikia besi nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikazungusha kitufe cha sauti. Nikazungusha tena. Mke wangu, mwalimu, ambaye husahihishia madaftari kochini, akasema besi inampiga mgongoni mpaka peni nyekundu inaruka mkononi. Nikamuuliza, besi ipi hiyo?

Na kweli, pale nilipokaa haikuwepo.

Sasa mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, fizikia nimeisoma kwa taa ya kuchaji huku mbu wakininyonya nusu ya damu, kwa hiyo sikubahatisha. Nilikaza kila skrubu. Nikaziba tundu la kutolea upepo kwa soksi. Nikaipeleka kwa fundi mjini Tarime, akaisikiliza na kuapa kwamba ni nzima kuliko yeye. Mwisho nikaazima sabufa ya jirani, nikaiweka kwenye kona ileile. Mke wangu akasema inampiga vilevile. Hapo nikafunga uchunguzi: kama chombo kimebadilishwa na ugonjwa umebaki, basi mgonjwa ni mke.

Alimpigia simu baba yake, kule Nyambureti. Mzee akatuma salamu kwamba anakuja kusikiliza kwa masikio yake, na kama sabufa ina kosa ataondoka nayo, shauri liishe. Nilikonda mpaka mkanda ukaishiwa matundu.

Alivuka Mto Mara kwa pikipiki ya kukodi, akafika Jumamosi asubuhi. Nikampa shikamoo yenye adabu kuliko zote nilizowahi kutoa. Mkwe hakalishwi kochi, kwa hiyo nilimpisha kiti changu, nami nikaketi kochini, mara ya kwanza tangu nijenge nyumba ile. Mke wangu akawasha.

Besi ikanishika figo. Ilipanda uti wa mgongo ngazi kwa ngazi, vikombe kabatini vikaanza kucheza, na naamini hata nyati wa hifadhi ya jirani waliacha kutafuna. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia. Kisha akauliza kama tumeshaiwasha.

"Sisikii kitu, mwanangu. Ongeza."

Binti yake akaongeza, tena bila haraka. Meno yangu yakagongana. Nikisema imezidi, nimeishitaki sabufa yangu mwenyewe. Nikinyamaza, figo zinahama. Mke wangu akanigeukia, sauti laini ajabu.

"Baba watoto, leo besi ipo?"

"Ipo," nikasema. "Baba, naomba ipunguzwe."

Mzee alinyanyuka, akaja kuketi kando yangu, akashtuka, akarudi kitini, akaja tena. Akaizunguka sebule kama anayepima kiwanja. Akikaribia ukuta besi inajaa, akirudi katikati inakauka. Akatuamuru tuitoe sabufa kwenye kona. Tukaisogeza hadi chini ya televisheni, na pale kochini ngurumo ikapungua mpaka maneno ya wimbo yakaanza kusikika. Nikapata nafasi ya kueleza jinsi sauti nzito inavyogonga kuta na kurudi, mahali inajazana na mahali inajimeza yenyewe. Mzee aliinua mkono kabla sijafika kwenye kanuni.

"Sabufa haina kosa. Aliyekuwa anazungusha kitufe alikaa mahali pa kiziwi. Naondoka na kiti."

Nilijitetea kwamba kiti kinaweza kusogezwa tu. Akaniuliza kisogezwe kwenda wapi, wakati kochi lina nafasi. Kamba aliileta mke wangu mwenyewe. Dereva aliyekuwa akimsubiri nje akakifunga nyuma ya pikipiki, miguu juu, mzee akabanwa katikati, wakaondoka.

Jioni nilikaa kochini, nimebanana na rundo la madaftari ya darasa la nne. Ulipoanza wimbo nilioupenda, niliinuka nikapunguza sauti kwa kile kitufe bila kuombwa, maana mgongo sasa ulikuwa wangu.