Mkwe Nje ya Dirisha la Mahakama

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa waziwazi, nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Kyela. Pombe kali za chupa ndogo zilivushwa Mto Songwe kutoka Malawi, zikapangwa vibandani pamoja na sabuni. Kila Jumatatu walipandishwa kizimbani vijana kwa makosa yaleyale: wizi, kupigana, kuvunja vibanda vya watu. Nilishawachoka, sifichi. Niliandika majina yao huku nikiwaza chakula cha mchana.

Siku moja aliletwa kijana wa Ipyana, miaka kumi na tisa, mume wa mtu na baba wa mtoto mmoja. Mara ya tatu hiyo alikuwa ameiba kakao ya baba yake ikiwa bado imeanikwa, akaiuza, pesa yote akainywea pombe. Mlalamikaji alikuwa baba mwenyewe, lakini alipomwona mwanawe kafungwa pingu, moyo ukamlainika. Akasema amemsamehe, wamwachie arudi nyumbani.

Hakimu, mgeni kutoka Singida, alitaka kumsikia na mke wa kijana. Askari akajibu yupo nje ila amekataa kuingia. Hakimu akafura, akaona mahakama imedharauliwa. Ikabidi nisimame nimweleze kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite.

"Basi aseme akiwa huko huko nje, dirishani," hakimu akaamua.

Akaja, kajifunika khanga gubigubi, katupa mgongo.

"Mfungeni," akasema. "Mzee amemsamehe, na mimi nampenda. Lakini juzi ametapika damu. Akirudi leo, kesho atakunywa, na mimi nitamzika. Mfungeni, apate kuishi."

Nimeandika maneno ya mahakimu na ya wazee wenye heshima zao, sijawahi kusikia ujasiri kama ule.

Mzee alikuwa amegeukia ukutani. "Miaka miwili yuko kwangu," akasema, "leo ndiyo naisikia sauti yake." Akamtazama hakimu. "Msamaha wangu naurudisha. Mfuate yeye."

Ikasomwa hukumu, miezi sita jela. Mzee akanyanyuka, akatokea mlango wa nyuma kwenye mvua, ili mkwewe aweze kuingia kumuaga mumewe.