Jicho la Baba na Bunduki ya Mzee Hamdani

Mafuta ya kukatia chuma yakipata moto hutoa harufu inayokaribia maziwa yaliyoungua, na kwa muda mrefu wa utoto wangu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Ijumaa nyumbani kwetu Ansab, Maskati. Ilianza watu wakisharudi msikitini na kula, ikapita dirisha la jikoni, ikachanganyika na iliki na vitunguu vya mama, ikaingia mpaka kwenye mito tuliyolalia. Mama alifukiza udi kushindana nayo, na matokeo yake nguo zetu za shule zilinuka udi na chuma kwa pamoja. Wenzangu darasani waliwahi kuniuliza kwetu kunapikwa nini. Sikujua la kuwajibu, maana mimi nilidhani kila nyumba ina harufu hiyo.

Ilikuwa ikitoka kwenye banda la gari ambalo halikuwahi kulaza gari. Baba aliligeuza karakana tangu tulipohamia. Mlikuwa na mashine kuukuu ya kukereza chuma, aliyoinunua Wadi Kabir kwenye gereji iliyokuwa ikifungwa, majiliwa mawili ya kubania, keekee ya kusimama ya kutobolea chuma, na ukuta mzima wa tupa zilizotundikwa kwa ukubwa. Siku za kazi Baba alikuwa fundi mitambo serikalini, akichonga vipuri vya pampu na magari. Ijumaa alichonga vipuri vya bunduki za kale, zile ndefu na nzito ambazo watu wa Omani hurithishana tangu kwa babu zao, nyingine zimevishwa fedha mtutu mzima. Hazikuwa za vita tena. Zilibebwa harusini na siku za Idi, wanaume wanapocheza razha kwa ngoma na mapanga, zikapigwa baruti tupu kwa ajili ya mlio. Viwanda vilivyozitengeneza vilikufa zamani, kwa hiyo kikivunjika kifyatulio au ikipotea skrubu hakukuwa na duka la kwenda kuuliza. Kilichopotea kilichongwa upya. Baba hakupokea bunduki isiyokuwa na kibali, wala hakuruhusu risasi hata moja ipite lango letu, na mteja aliyesahau sharti hilo alirudishwa na bunduki yake hata kama ametoka mbali.

Sisi ni watu wa Unguja. Baba na mama walikuja Maskati wakiwa vijana, wakaoana huku, na sisi watoto tukazaliwa huku. Nje tulisema Kiarabu, ndani Kiswahili, na wakati mwingine sentensi ilianza kwa kimoja ikamalizikia kwa kingine bila mtu kutambua. Akiwepo mgeni asiyekuwa wa kwetu, Kiswahili kilikuwa pazia letu. Mama angeweza kukuambia mbele ya wageni kwamba kola yako chafu, au kwamba sambusa zimebaki kidogo usiguse, huku akitabasamu kana kwamba anawakaribisha kahawa.

Majira ya baridi ninayoyakumbuka zaidi, nilikuwa darasa la sita. Kaka yangu Nasri alikuwa ameshaondoka kwenda chuo, na nyumbani tulibaki watatu. Ndipo nilipoanza kuona kwamba Baba anafanya mambo tofauti. Alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Alisoma gazeti kwa kugeuza kichwa, kama ndege anayekutazama kwa jicho moja. Karakanani alianza kupapasa ncha za vipuri kwa ukucha wa kidole gumba, jambo ambalo kila fundi hulifanya, lakini yeye sasa alilifanya kwanza, kabla ya kutazama. Kisha skrubu aliyomchongea jirani mmoja wa Bawshar ikarudishwa kwa sababu haikuingia. Baba akasema jirani kaikaza vibaya. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, alikunja kanzu ileile mara mbili.

Mzee Hamdani alikuja Ijumaa moja alasiri, akiletwa na mjukuu wake kwa gari kutoka mji mmoja wa ndani, nyuma ya milima. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, amevaa kilemba cha rangi ya kahawia na fimbo mkononi. Mjukuu alikuwa na shughuli zake mjini, akamwacha. Mzee akafungua blanketi, akamwonyesha Baba bunduki iliyokuwa ya marehemu babake. Ilikuwa na wenzo chini, ule unaouvuta ili chemba ya risasi ifunguke, na pini inayoushika ilikuwa imekatikia ndani ya mwili wa bunduki. Wenzo ulining'inia kama mkono ulioteguka. Mjukuu huyo alikuwa anaoa mwisho wa mwezi, akasema mzee kwa Kiarabu, na yeye alitaka bunduki hii iwe mbele kwenye razha. Akaeleza kwamba fundi wa kwao alitaka kuipasha moto na kuigonga nyundo, naye akamnyang'anya akaondoka nayo.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa, lakini haikuwa na nafasi ya kukosea. Kipande kilichobaki ndani kilitakiwa kutobolewa polepole katikati yake. Keekee ikiteleza kidogo tu, inakula mwili wa bunduki, na mwili hauchongwi upya. Baba aliigeuza bunduki kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Mama alikuwa dirishani jikoni, hatua chache kutoka hapo, akipanga vikombe.

"Baba Nasri," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mwambie mgeni wako huoni."

Baba hakugeuka. "Nnaona."

"Huoni. Jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Utaitoboa bunduki ya watu pasipo tobo, kisha utamwambia nini mzee wa watu? Iliyobaki ya babake ndiyo hiyo."

"Mpe mgeni kahawa, Mama Nasri."

"Nampa. Na wewe umpe ukweli."

Mzee Hamdani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya fimbo, akitazama tupa za ukutani. Nilimpelekea kahawa na tende. Alikunywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimetosha, akamwuliza Baba kwa Kiarabu kama Ijumaa ijayo itakuwa tayari. Baba akasema inshallah. Mjukuu alipomfuata, mzee aliacha bunduki juu ya meza, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku mbili Baba hakuigusa. Siku ya tatu alipotoka kazini aliingia karakanani, akawasha taa zote, akaibana bunduki kwenye jiliwa kwa vipande vya ngozi ili isichubuke. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikifanya hesabu za shule. Nilimwona akiweka ncha ya keekee, akiinama, akiinuka, akiiweka tena. Hakuwasha. Kisha akakaa kwenye kiti kilekile cha plastiki alichokalia mzee, akavua miwani yake na kuiweka mfukoni, kama mtu ambaye hana tena haja nayo.

"Zuwena," akaniita. "Njoo unisomee hii."

Ilikuwa maikromita, kile chombo cha kupimia unene, chenye mistari midogo kuliko ya rula. Sikuwahi kuruhusiwa kukishika. Alinieleza mara moja jinsi ya kukisoma, nikasoma, akanifanya nisome tena, na tena, mpaka akaona sikisii. Halafu akaniambia nitazame tobo la pini na nimwambie ninachokiona. Nikamwambia naona duara, na ndani ya duara chuma chenye rangi nyingine, kimekatika mshazari. Akafumba macho. Nadhani alikuwa anachora picha hiyo kichwani. Baadaye aliniambia nifunge nywele, nikunje mikono ya nguo, na niweke alama katikati ya hicho chuma kwa msumari wa kutilia alama. Nikaigonga. Akaipapasa kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Imekwenda kushoto. Kidogo."

Nilitazama kwa makini na kweli ilikuwa imekwenda kushoto. Nikairekebisha.

Mama alikuja mlangoni na kitambaa mkononi. Nilidhani atanifukuza, kwa sababu mara nyingi alishasema karakana si mahali pa mtoto wa kike, na kwamba Baba akitaka msaidizi amngoje Nasri. Alisimama akatutazama. Kisha akaja akanifunga kitambaa kile kichwani, akakaza fundo mpaka masikio yakaniuma, akarudi ndani.

Kutoboa tulikufanya kesho yake alasiri. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini wa keekee na mkono wa Baba ulikuwa juu ya wangu, lakini hakusukuma. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Chuma cha pini kililia kwa sauti nyembamba, na kila sauti ilipobadilika aliniambia, "Pandisha," nikapandisha, tukatia mafuta, tukasubiri kipoe. Macho yangu yaliniwasha kwa kutopepesa. Niliogopa, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba nilijua na yeye anaogopa, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimelowa. Kile kipande kilipotoka, kilidondoka sakafuni bila kishindo chochote, kama punje ya mchele. Baba aliingiza kidole chake cha mwisho kwenye tobo, akakizungusha polepole kwenye ukuta wake wote. Akasema, "Zima."

Pini yenyewe niliikereza mimi. Ya kwanza ilitoka nyembamba, ikachezacheza ndani ya tobo, tukaitupa. Ya pili ilikuwa nene, na badala ya kuipunguza kwa mashine Baba alinipa tupa laini na kitambaa cha msasa, akaniacha niipunguze kwa mkono mpaka Alhamisi. Nilikuwa nasugua, napima, najaribu, nachomoa. Mama aliniletea chakula kulekule. Ilipoingia mahali pake, iliingia kwa msukumo wa kidole na ikakaa. Wenzo ukapanda na kushuka ukatoa mlio mmoja mkavu. Baba aliuvuta na kuurudisha, akauvuta na kuurudisha, mpaka mama akasema kutoka ndani kwamba sasa tumesikia.

Ijumaa Mzee Hamdani alirudi. Baba alimweleza kwa Kiarabu kazi iliyofanyika, na kabla mzee hajaigusa bunduki akamwambia, "Mimi sioni vizuri. Kazi hii ameifanya binti yangu, mimi nilikuwa nikimwelekeza. Ukikuta kasoro ni yangu." Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alichukua bunduki, akavuta wenzo, akasikiliza, akachungulia pini kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mama dirishani na kusema, kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka:

"Mama Nasri, nilikuambia nini kimoyomoyo siku ile? Nilisema, huyu mama amenisaidia."

Kikombe kilianguka jikoni.

"Nimezaliwa Tabora," mzee akasema. "Baba alikuwa na duka huko. Nimerudi Omani nina ndevu tayari. Nyinyi mnadhani Kiswahili ni cha watu wa Unguja peke yenu."

"Shikamoo, mzee," mama akasema kwa sauti ndogo sana kutoka ndani.

"Marahaba."

Baba aliuliza jambo ambalo hata mimi nilitaka kulijua. "Ulisikia yote yale, na bado ukaiacha bunduki?"

"Niliiacha kwa ajili hiyo. Yule fundi wa kwetu aliniambia hana tatizo lolote, akachukua nyundo. Wewe una mke anayekukumbusha unachokosa. Nikasema huyu hatakwenda haraka." Akaniangalia mimi. "Huyu mtoto sikumjua. Huyo ni zawadi tu." Kisha akaweka kidole chini ya jicho lake mwenyewe. "Hili walilitoa ukungu hospitali. Mtoto wa jicho, basi. Asubuhi nimeingia, jioni nimerudi nyumbani. Unaogopa nini?"

Jibu Baba alimpa mama jioni, wakiwa uani, nami nilikuwapo. Alikuwa akiogopa kazini wakijua watamwondoa kwenye mashine na kumweka ofisini kugawa funguo. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na mama akamshika mkono. Kabla ya mwisho wa mwezi walimpasua jicho la kulia, na baadaye la kushoto. Harusi ya mjukuu tulialikwa, tukaenda, na Baba akiwa na kitambaa jichoni alisimama mstari wa mbele kwenye razha. Bunduki ililia mara nyingi na hakuna kilicholegea.

Macho yaliporudi, mama alisema basi, mtoto arudi kwenye vitabu vyake. Niliona ana haki, nikatundika kitambaa. Ijumaa iliyofuata nilikuwa jikoni namenya viazi, nikamsikia Baba akiwasha mashine, akiizima, akiiwasha, akiizima. Kisha akagonga dirisha. Alikuwa ameshika maikromita. Angeweza kuisoma mwenyewe, alikuwa anaona mpaka mchwa ukutani. Mama alinitazama, akanipokonya kisu, akaendelea na viazi.

Baba ameshafariki, na nyumba ya Ansab sasa anakaa Nasri na familia yake. Banda linalaza magari mawili. Mtu mwenye bunduki ya babu yake iliyovunjika siku hizi hupiga picha kwa simu, akaituma, na kipande kinachorwa kwenye kompyuta na kukatwa na mashine ambayo haihitaji mtu kuisikiliza. Nimevishika vipande hivyo. Ni sahihi kuliko chochote tulichowahi kuchonga sisi, na sioni sababu ya kusema vinginevyo. Watoto wangu wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiarabu, nami nimeacha kugombana nao. Kazi yangu ni kufundisha ukerezaji kwenye chuo cha ufundi, na karibu nusu ya darasa langu ni wasichana. Wanakuja na miwani yao ya kinga na nywele zimefungwa tayari, wanasimama mbele ya mashine kana kwamba imewekwa hapo kwa ajili yao, na ndivyo ilivyo. Nikiwaambia kwamba mimi niliruhusiwa kuishika kwa sababu baba yangu alikuwa haoni, wanacheka, wanadhani natania.