Mlango Ulioshuka Mlima

Shangazi yangu ni msusi wa vikapu, na kwa ubishi hana mpinzani. Kijiji chetu kilishahama mara moja kabla hajazaliwa. Enzi za vita za kale watu waliishi kileleni, nyuma ya ukuta wa mawe. Amani ilipokuja, wakachoka kupandisha maji, wakateremkia kwenye chemchemi. Sasa lami imepita bondeni, na kila mtu anataka kuishi karibu na duka na mtandao.

Wale wa kileleni waliacha kuta wakabeba milango. Shangazi anaapa kwamba ndiyo sababu ukoo huitwa mlango. Mlango wake ni wa mbao nzito, mfupi ajabu. Wazee walitaka adui aingie kwa kutanguliza kichwa, na mwenye nyumba awe anamsubiri na mchi.

Majirani waliposhuka wote, alibaki peke yake na magoti yake mabovu. Mwanawe, dereva wa lori, alimjengea chumba bondeni, chenye mlango wa chuma wenye maua ya rangi ya dhahabu. Alijivunia maua yale kuliko lori.

"Mama, ukianguka huko nani atakuokota? Shuka."

"Nitashuka na mlango wangu."

"Mama jamani! Ule si mlango, ni adhabu ya kiuno."

"Haya, nenda salama, baba."

Wakanuniana masika nzima. Kisha shangazi akateleza chemchemini, akalala matopeni tangu asubuhi mpaka nilipopanda kumtembelea alasiri nikamkuta, midomo ikimtetemeka. Sijawahi kuogopa vile. Nilimpa binamu habari. Aling'oa mlango wa chuma kwa mikono yake mwenyewe, akaziba nafasi ya juu kwa matofali, kisha tukapanda naye kwenda kuuchukua ule wa mbao. Tuliubeba mabegani, tukiwalaani mababu njia nzima.

Siku ya kwanza ya shangazi bondeni, binamu alimpelekea mama yake chai. Akainama, akatanguliza kichwa. Mwiko ukamtua utosini, ko!

"Ungekuwa adui," alisema shangazi, "saa hizi tungekuwa tunakuzika."

Tangu aanguke hakuwa ametania mtu. Binamu aliganda pale mlangoni, kikombe mkononi, akicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuwa na haraka ya kuinuka.