Mtaa Uliofanana na Ule

Dalali ni dalali. Mpe kaburi alipangishe, atakwambia lina kivuli na majirani wake hawana kelele. Huyu aliyempata Mpiga Pasi alikuwa bingwa wao: mwembamba, shati limechomekwa, mdomo hauna breki. Asubuhi nzima alimzungusha katika mji mgeni akisifia kila ukuta, na Mpiga Pasi alimfuata akiwa amemshika mama yake mkono, maana mama hakuwa mtu wa kuachwa peke yake.

Jina hilo la Mpiga Pasi alipewa kazini, likamganda. Alikuwa akinyoosha mashuka na foronya katika chumba cha chini cha hoteli, na hoteli ilipofungua tawi katika mji huu wakamhamishia huku, kwa sababu mkono wake haukuwahi kuunguza kitambaa. Angekataa, angekosa kazi. Mume hakuwa naye, watoto hakujaliwa. Aliyebaki naye ni mama, na mama kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumkimbia. Leo anakujua, kesho anakuuliza we nani. Kabla hawajahama alishapotea mara moja. Alitoka kwenda dukani, akaja kuonekana siku ya pili kando ya barabara kuu, miguu imevimba, amekalia tairi bovu, anauliza kila mpita njia kama kwao ni mbali. Tangu hapo Mpiga Pasi hakujua tena usingizi wa kushiba. Katika mji huu alitaka jambo moja tu: nyumba ambayo mama akitoka, atarudi.

"Ghorofa ya tatu hii, hewa utaigawa mpaka kwa jirani," dalali alisema kwenye nyumba ya kwanza, karibu kabisa na hoteli.

"Na ngazi hizi mama atazishukaje?"

"Atazoea, dada yangu."

"Atazoea au atabingirika?"

Nyumba ya pili ilikuwa pembezoni mwa mji, mtaa mpya, nyumba zote ramani moja na rangi moja. Chumba safi, maji hayakatiki, choo cha ndani. Mpiga Pasi alitoka kidogo kupokea simu, aliporudi akabisha hodi kwa watu wengine. Walimcheka, naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kama yeye mwenye akili zake timamu amepotea mchana kweupe, mama je?

Wakaenda ya tatu. Huko dalali alipoa kidogo, maana mtaa wenyewe ulikuwa wa zamani na hakuwa na la kusifia. Lakini walipokata kona tu, mama akauachia mkono wa bintiye. Mbele yao kulikuwa na njia nyembamba iliyopinda kushoto, bomba la maji penye kona, duka lenye mlango wa buluu, na mwisho kabisa karakana ya seremala, msumeno unalia. Jamani! Kule walikotoka vilikuwapo vitu hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Mama akatangulia bila kuuliza mtu, akalipita bomba, akaenda kusimama mlangoni pa nyumba ile ile waliyokuwa wanakwenda kuiona.

"Mbona mnajikokota?" akawauliza.

Dalali alibaki mdomo wazi. "Mama aliwahi kuishi hapa?"

"Hajawahi kuukanyaga mji huu," Mpiga Pasi akasema.

Dari lilikuwa linavuja, bafu la kushirikiana na wapangaji wengine, lakini angeona nini zaidi ya mama aliyeijua njia? "Naichukua," akasema, kabla dalali hajafungua kinywa.

Na kweli mama akatulia. Alikwenda dukani akarudi, alikwenda bombani akarudi, tena na umbea wa mtaa mzima. Mama mwenye nyumba akasema hajapata kuona mgeni anayezoea haraka namna ile. Kazini wenzake walimuuliza Mpiga Pasi siku hizi anakula nini, mbona uso umenawiri. Alikuwa analala, ndiyo siri yake. Analala fofofo, mama akiamka yeye hana habari.

Siku moja ya mapumziko akamwona mama anamimina chai kwenye chupa, anaifunika, anaifunga kwenye kitambaa.

"Ya nani hiyo, mama?"

"Ya Kitinda. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na kazi yenyewe ya kusukuma randa."

Kitinda alikuwa ndugu wa mwisho wa Mpiga Pasi, kitinda mimba wa mama, fundi seremala. Alikuwa amekufa. Alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilitengeneza, na shati alilozikwa nalo alilinyoosha dada yake kwa mkono wake mwenyewe, kola na vikwapa, kwa pasi ya nyumbani. Mama alikuwapo. Mama alishika udongo akatupia.

Hapo ndipo akaelewa alichokifanya. Kule kwao mama alisahau mengi, lakini hilo hakulisahau, kwa sababu karakana ya Kitinda ilifungwa na kila akipita aliliona kufuli. Mlango ulikuwa unamwambia. Huku mlango uko wazi, na ndani mtu anapiga randa. Mpiga Pasi alitafuta mtaa ambao mama hatapotea, akapata mtaa ambao Kitinda hajafa.

Alimfuata kwa mbali. Akamwona anaingia, akamsikia anagombeza, "Kunywa ingali ya moto!" na sauti ya kiume ikaitika, "Ndiyo, mama." Alisubiri mama aondoke, kisha akaingia amefura.

Seremala alikuwa mtu mzima, kidevu kimejaa mvi, hafanani na Kitinda hata kwa ukucha. Alimwona mgeni, akaweka kikombe chini polepole.

"Shikamoo," Mpiga Pasi akasema, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu.

"Marahaba. Wewe ndiye dada mtu."

"Mimi ndiye. Ndugu yangu amekufa. Kwa nini unaitikia? Unaona raha kumchezea mama wa watu?"

Mzee alijipangusa maranda mikononi. "Siku ya kwanza nilimwambia, mama umekosea, mimi siye. Akaniuliza, basi mwanangu yuko wapi? Nikasema sijui. Alilia, mwanangu, alilia mpaka wateja wangu wakalia. Kesho yake akaja tena na chupa, anatabasamu, hana habari. Sasa mimi nifanyeje? Nimuue kijana kila asubuhi?"

Harufu ya mbao mbichi na gundi ilimjaa Mpiga Pasi puani, akatoka mbio kama mwizi.

Kuanzia hapo akawa anazunguka nyuma ya duka kwenda kazini ili asipite karakana. Haikusaidia. Sauti ya randa ilimfuata mpaka chumbani, na siku isiposikika akajikuta anaitegea sikio. Mama alirudi na maranda yamenasa kwenye nguo, akayakung'uta sakafuni, na kila siku alikuwa na habari: Kitinda kajikata kidole, Kitinda kacheka hivi na vile. Mpiga Pasi aliyafagia maranda yale mwili ukimsisimka. Aliogopa, semeni mtakavyo. Mtu unamzika, unaridhika na kudra, halafu anahamia mtaani kwako!

Mwisho akampigia dalali. "Ile nyumba ya pembezoni bado ipo?"

"Ipo! Ilikuwa inakungoja wewe tu."

Akamchukua mama wakaenda kuiangalia tena. Mama alisimama katikati ya chumba kile safi akageuka huku na huku, macho yamemtoka, hajui mlango alioingilia ni upi. Akamng'ang'ania bintiye mkono.

"Hapa wapi? Kitinda yuko wapi?"

Mpiga Pasi alikuwa amejiandaa. Akamkalisha chini, akakaa naye. "Mama, Kitinda alikufa. Tulimzika kule kwetu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alipiga yowe lile lile la siku ya msiba, akajitupa sakafuni, dalali akakimbilia nje. Mpiga Pasi alimkumbatia, akambembeleza mpaka pumzi zikatulia. Alimfuta machozi, akamfunga kilemba vizuri. Mama akamtazama kwa upole.

"Hapa wapi?" akauliza. "Kitinda yuko wapi?"

Dalali alichungulia dirishani. "Dada, tuandikishane?"

"Tuitie gari," Mpiga Pasi akasema. "Turudishe nyumbani."

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa mzima wa afya, anaimba, anachemsha maji. Mpiga Pasi alisimama akimwangalia anavyoifunga chupa kwenye kitambaa, mafundo mawili, kama alivyokuwa akifunga zamani. Ulimi wake ulimponyoka wenyewe.

"Mwambie namsalimia."

"Nani?"

"Kitinda. Mwambie dada yake anamsalimia."

Mama akaenda. Mpiga Pasi alichukua sare ya kazini aipige pasi, mkono ukawa mzito. Alijicheka, akajitukana: mtu mzima ovyo, unatuma salamu kwa marehemu! Lakini sikio lilikuwa nje, linasikiliza randa. Ikasimama. Ikakaa kimya kwa muda. Alisikia hatua za mama zinarudi, zinaburuzika kwenye njia, na harufu ya kuungua ikamshtua. Alitazama chini, pasi imeacha alama nyeusi kifuani mwa sare. Haikuwahi kumtokea maishani mwake.

Mama aliingia na chupa tupu, amekunja uso, amekasirika kama wanavyokasirika mama wanaoletewa kesi za watoto wao.

"Nimemwambia," akasema. "Anasema salamu zako akae nazo wapi? Anasema dada yangu amenitupa. Tangu nije hapa hajanijulia hali hata mara moja, akipita anazungukia nyuma ya duka."

Mpiga Pasi hakuuliza maneno yale yametungwa na mzee au na mama mwenyewe. Aliizima pasi. Akatafuta viatu, akavivaa, akaenda karakana.