Sabato Dada Alipochezea Kenya

Jana mwenzangu kazini alijipaka dawa ya kuchua misuli, ile aliyopenda kujipaka dada yangu magotini, na harufu yake ikanirudisha kwenye Sabato aliyochezea Kenya mpira wa kikapu ugenini.

Baba alikuwa amezima redio tangu Ijumaa. "Itawashwa jua likitua," alisema, "hata kama anayecheza ni mtoto wangu." Kisha akachukua Biblia, akaenda migombani kuomba.

Mechi ilianza saa tisa alasiri. Mama hakutulia. Alikaa, akainuka, akachungulia barabara isiyo na mtu. Mwishowe akanishika mkono. "Twende tukawasalimie majirani."

Majirani walikuwa Wakatoliki, na redio yao ilisikika mbali. Nyuma ya nyumba yao tulimkuta baba chini ya dirisha, Biblia kwapani, jasho likimtoka.

"Wanaendeleaje?" mama alinong'ona.

"Tuko nyuma. Lakini bado yuko uwanjani."

Tukasimama hapo watatu, bila kubisha hodi, mpaka kipenga cha mwisho. Kenya ilifungwa.

Tukirudi nyumbani baba alisema, "Wamemtaja mara saba."

Mama akamwambia aseme tena, naye akasema tena.