Ruta ya Batuli Haikai Uchi

Keti vizuri, na mguu uliokufa ganzi unyooshe, maana Batuli wa Isevya hasimuliwi kwa kusimama.

Batuli ni mfumaji wa vitambaa. Vidole vyake vimezoea kazi hata akilala vinafuma hewa, na asubuhi mumewe Adinani huamka na kofia kichwani asijue imetoka wapi. Nyumbani kwake hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, mtungi una kitambaa. Kuku tu ndio waliogoma.

Sasa mwanamke huyu, kwa kufundishwa na binti yake Kulwa, akanogewa na gemu za mtandaoni. Wanacheza mpira, kila mtu na mchezaji wake: Batuli kwa simu, Kulwa kwa tableti, na Ngollo, binamu yake Batuli anayekuja na pikipiki kutoka Kwihara, kwa kompyuta. Nahodha ni Batuli, na unahodha wenyewe anautembeza mtaani kama kanga mpya ya Idi.

Shida ilikuwa mtandao. Wote walikuwa wanaunyonya kwenye simu moja ya Kulwa, na Adinani naye yuko chumbani anavuta tamthilia. Timu ya Bukene ikawafunga mara ya kwanza, ikawafunga ya pili, Batuli ameganda uwanjani kama nguzo ya reli.

"Binamu, umezeeka mpaka mtandao wako una baridi yabisi!" Ngollo akamtania, maana hawa wawili wakimaliza siku bila kutukanana, wanaulizana nani mgonjwa. Kisha akaacha kucheka. "Ila Jumamosi tukiganda tena, tunahamia kwangu. Na unahodha nauchukua."

Batuli akajitanda ushungi, huyo, dukani kwa Fideli, yule muuzaji wa vifaa vya simu anayetokea Ulyankulu, kutafuta kidude cha kugawa mtandao nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka ruta isiyoganda. Watatu tunacheza, mmoja anatazama mapenzi ya watu."

Rafuni kulikuwa na lidude la antena nane, kama buibui aliyefia chali. Batuli akalipenda hapo hapo, akaanza kulipimia kitambaa kwa jicho.

"Hilo la hoteli, mama," Fideli akamzuia. "Kwenye gemu kinachoua si udogo wa kasi, ni kuchelewa. Unapiga mpira sasa, unaondoka ukishakabwa. Chukua hii ndogo, unaweka laini humu. Ina mawimbi ya aina mbili: yanayofika mbali, na yenye mbio lakini hayapendi ukuta. Unaiamuru gemu itangulie, tamthilia ifuate. Kompyuta ichomekeni kwa waya. Kuta zako ni za nini?"

"Udongo. Alijenga babu."

Kuta hizo Isevya nzima inazijua. Masika moja mbuzi aliingia kwenye ufa, akatokea upande wa pili ana wajukuu.

"Basi iweke chumba kile kile mnachochezea, juu, mahali peupe."

Batuli aliitikia vizuri tu. Lakini kitu cha thamani kwa Batuli mahali pake ni kabatini, na kabatini kikawekwa: nyuma ya masinia ya harusi, kimefunikwa kitambaa cheupe chenye waridi pembeni. Hata waya wa Ngollo aliufumia soksi.

Jumamosi baada ya Alasiri mechi ikaanza. Mpira haujatulia, wote watatu wakaganda. Bukene wakapita katikati yao kama wanapita sokoni, bao.

"Nahodha," Ngollo akasema taratibu, huku anatafuta funguo za pikipiki, "kwangu viti vina mito."

Kulwa akafungua kabati, akaigusa ruta, akarudisha mkono mbio. "Mama! Umeifunika kama bibi harusi, inachemka! Na masinia haya yanaizibia mawimbi."

"Sasa ikae uchi mbele ya mgeni?"

"Mgeni nani? Binamu yako Ngollo?"

"Mimi nitafumba macho," Ngollo akasema.

Batuli akakitazama kitambaa. Akaitazama kompyuta, Bukene wanakuja tena. Akauma meno, akakivuta kitambaa, akaipandisha ruta juu ya kabati, uchi wa mnyama, taa zake zinakonyeza.

Loo! Simu ikazinduka. Batuli akatoka na mpira kwa mbio hizo, watu wanasema kwa jirani mapazia yalipepea. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akapiga. Bao! Mpira ukaisha sare, na hakuna aliyeganda tena.

Ngollo akarudisha funguo mfukoni. "Haya, nahodha. Mechi ijayo nicheze wapi?"

"Golini."

"Golini? Na tumbo hili?"

"Ndiyo maana," Batuli akasema. "Likae katikati, lisiyumbe."