Zawadi Aliyeingia Kontena Akatokea Uskoti

Ninyi vijana wa hapa Sydney, wa Guildford, wa Penrith na kokote mnakokaa mkisoma simu huku mnakula, wekeni kijiko chini kidogo. Kanisani wameniomba niwaandikie neno la mzee. Najua mnachongojea: heshimuni wakubwa, someni kwa bidii, rudini nyumbani mapema. Hayo mmeshayasikia na hamkuyafuata, sitajichosha kuyarudia. Mimi nitawaambia habari za Mskoti mmoja aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na ambaye kwa kweli hakuishi kabisa, maana mjukuu wangu ndiye aliyemtunga. Kuandika nilifundishwa na mke wa mchungaji nikiwa tayari nina watoto. Mkiona kosa, pitieni juu yake.

Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa jikoni nayeyusha sombe ya pakiti, majani ya muhogo tunayonunua yameganda kama tofali, Neema akaingia akakaa sakafuni, mgongo kwenye friji. Neema ni mtoto wa binti yangu Furaha. Anafanya kazi kwenye ghala karibu na bandari ya Botany, wanafungua makontena na kupanga mizigo. Anaenda kwa treni, anarudi kwa treni, na wenzake wakisinzia yeye anaandika kitabu kwa vidole gumba kwenye simu. Kitabu cha mapenzi. Msichana wa siku hizi anaangukia Uskoti ya zamani, anapendana na mwanamume wa huko. Nilijua kipo, lakini sikuwa nimeuliza.

"Koko, nakifuta," akasema. Koko ndiyo bibi, kwa lugha yetu ya Kongo.

"Kwa nini?"

"Kuna mama mmoja wa kampuni ya vitabu, amesoma mwanzo akapenda. Anataka chote. Na mimi mwisho sina. Nimeandika mwisho huu na ule, yote naona ni uongo. Nafuta kila kitu nipumzike."

Kidole kilikuwa tayari juu ya simu. Hapo Furaha akatokea amevaa sare. Anahudumia wazee wa Kizungu, na alikuwa anatafuta ufunguo wa gari.

"Afute tu, Mama," akasema. "Huyo Mskoti amekaa humu ndani kama mpangaji, na hajanunua hata mkate."

"Anaitwa Calum," Neema akajibu.

"Aitwe atakavyoitwa! Wenzako wamemaliza unesi, wewe unaposa marehemu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia Neema aweke simu mezani anisimulie hicho kitabu kabla hakijafa.

"Koko, kimeandikwa Kiingereza."

"Na mdomo wako una Kiswahili. Ukitaka chapati kinakutoka bila shida."

Kwetu milimani, juu ya Uvira, hadithi ilikuwa na wawili: mwenye kusimulia na mwenye kujibu. Mwenye kujibu alikaa karibu, akasema "eeh" panapostahili, na alikuwa na ruhusa ya kuuliza lolote. Swali likishatoka, msimulizi hapiti mpaka amelijibu. Akishindwa, ananyamaza, na hadithi inalala hapohapo mpaka apate jibu. Swali likikosekana, hadithi imekamilika, watu wanaenda kulala. Nilimweleza Neema hivyo, nikavuta kigoda, nikakaa kama mwenye kujibu, mwiko mkononi.

Akaanza. Kuna binti wa Guildford anaitwa Zawadi, anafanya kazi ghalani kama yeye. Siku moja anafungua kontena, badala ya maboksi unatoka ukungu na harufu ya sufu iliyolowa. Anaingia kuangalia. Mlango unajifunga nyuma yake. Anatembea gizani, anatokea upande wa pili, na huko ni milima ya Uskoti, miaka mia tatu nyuma, na wanaume wanakimbiza ng'ombe wa wizi.

"Eeh," nikasema. Hapo akanipata. "Wana ng'ombe?"

"Wengi, Koko. Nywele mpaka machoni."

"Na wanaibiana?"

"Ukoo kwa ukoo."

"Basi hao ni watu. Endelea."

Akaniambia wanaume wa kule wanajifunga kitambaa cha mirabamiraba kiunoni.

"Kikwembe? Kama kitenge changu?"

"Ni kama kikwembe, ndiyo."

"Wanaume?"

Furaha, ambaye bado alikuwa anatafuta ufunguo, akacheka mpaka akashika mlango. Lakini mimi nilitaka kujua. Nani anawafunga, wake zao? Neema hakujua, akatafuta kwenye simu. Kumbe mwanamume anakitandaza chini, analala juu yake, anajiviringisha, anafunga mkanda, anainuka. Nikakaa nikiwaza hilo. Nikauliza wanapikia moto wa nini, maana alisema milima haina miti. Akasema wanachimba udongo mweusi wa kwenye matope, wanaukausha, wanauchoma. Udongo unawaka moto! Akanionyesha picha. Mpaka leo nikiwasha jiko ninawafikiria watu hao.

"Sasa Zawadi akifika," nikauliza, "anafanya nini kwanza?"

"Anaona ngome juu ya kilima, mawingu yanapita chini yake. Ni nzuri mpaka machozi yanamtoka."

"Anakojoa wapi?"

"Koko!"

"Jibu."

Akacheka, akajifunika uso. Nikamwambia, siku tulipofika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi, mama aliyetupokea alikuwa anatuonyesha daraja na maji kwa dirisha la gari, anafurahi kweli kwa ajili yetu. Mimi daraja sikuliona. Njia nzima nilikuwa nimebana miguu, natafuta mwanamke mzee wa kumuuliza, na kila uso niliouona ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Tulipofika kwenye nyumba nikaonyeshwa choo, nikasimama mbele ya kile kitufe nikiogopa kukibonyeza, nikidhani nitaita polisi. Mtu aliyetupwa mahali asipopajua haoni ngome, mjukuu wangu. Anatafuta maji, choo, na uso wa mtu mzima wa kumuuliza.

Neema akavuta simu akaandika. Nikaona kwamba hafuti tena.

Tukaendelea. Calum anamficha Zawadi kwa ndugu zake, anamfundisha lugha yao, wanapendana, wanaoana kwa mchungaji mmoja wa milimani.

"Nani alisimama upande wa binti?"

"Hakuna. Hana ndugu kule."

"Ng'ombe wa mahari walipokelewa na nani?"

"Koko, hakuna mahari. Ni mapenzi."

"Umemwoza kama mtu aliyeokotwa njiani. Haya. Na mwisho?"

Hapo sauti ikamshuka. Kontena linarudi, mlango unafunguka mara moja tu, Zawadi lazima achague. Neema akimrudisha Guildford, kitabu kinakuwa kama ndoto ya bure. Akimwacha kwa Calum, wanabusiana mlimani, mwisho. "Huo ndio watu wanaupenda," akasema. "Mimi nikiusoma naona kuna mtu simwoni."

"Mama yake yuko wapi?"

"Nani?"

"Mama wa Zawadi."

"Yuko Guildford."

"Anafanya nini? Mtoto aliondoka kwenda kazini hakurudi. Jioni ile mama yake alifanya nini?"

Neema akaniangalia. "Hayumo, Koko. Hadithi si yake."

Basi nikakumbuka sauti ya koko wangu mimi, mama wa mama yangu. Nilikuwa binti bado, kifua ndiyo kwanza kinaota, na nilikuwa hodari wa kutunga. Siku moja tukipepeta maharagwe uani nikawasimulia wenzangu hadithi yangu mwenyewe, ya msichana aliyeolewa na mfalme wa chini ya ziwa. Niliweka nyumba ya shaba, niliweka samaki wanaoimba. Wenzangu walipiga makofi. Koko wangu aliendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe yake. Kisha akauliza, bila kuinua uso: "Jioni ile chakula chake alikila nani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Akaniambia, "Umemtoa mtoto wa watu nyumbani, umeenda naye chini ya maji, hukugeuka hata mara moja kutazama mlango. Mama yake amesimama pale na sufuria. Unamwacha amesimama hivyo mpaka lini?" Akachukua ungo wake akaingia ndani. Hadithi yangu ililala pale uani, na sikuwahi kuiamsha.

Nilipomwambia Neema haya, Furaha akasema kutoka mlangoni, "Mama, usianze." Alijua ninakokwenda.

Nilianza. Nilikuwa na binti mwingine, Nyota, mdogo wake Furaha. Neema alilijua jina kutoka kwenye sala tu. Tulipokimbia vita tulipotezana naye njiani, watu wengi, wengine wakashika njia ya ziwa, wengine ya mlima. Mpaka ninapoandika hapa hatujui aliko. Kambini, kila jioni nilipopakua nilianza na sehemu yake. Nikaifunika kwenye sahani yake, nikaiweka juu ya sanduku. Majirani walisema naharibu chakula. Tulipokuja Australia niliendelea, hadi siku Furaha aliponiomba niache, watoto wanauliza ya nani na yeye hana la kuwajibu. Nikaacha. Sahani ikarudi kabatini.

Mwiko nilikuwa nimeusahau mkononi. Sombe ilikuwa inachemka bila mtu wa kuikoroga.

"Watoto walikuwa ni kisingizio," Furaha akasema. Alikuwa ameupata ufunguo, ameushika. "Ulikuwa unamwekea ndagala, Mama. Visamaki vile tulivipata kwa nadra kule, na wewe ulimwekea yeye. Mimi nipo hapo nimekaa mbele yako na njaa, unafunika ndagala za mtu ambaye hayupo."

Binti yangu ni mtu mzima, ana mvi. Hakuwa amewahi kunitamkia hilo.

"Na asubuhi," nikamuuliza, "alizila nani?"

Akainamisha kichwa. "Mimi. Niliamka kabla yenu."

"Nilijua. Ulifikiri kwa nini niliziweka nyingi?"

Furaha alisimama pale. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe: alipiga simu kazini akasema atachelewa. Akaja akachukua mwiko mkononi mwangu akakoroga.

Neema alikuwa analia, lakini vidole vilikuwa vinatembea kwenye simu.

Wiki ile treni zote aliandika. Jumamosi iliyofuata akatukalisha jikoni, akatusomea mwisho, akiugeuza Kiswahili hapohapo. Zawadi anabaki kwa Calum. Mlango wa kontena unafungwa na haufunguki tena. Lakini kila jioni, kwenye nyumba ile ya moshi wa udongo, anapopakua uji wao wa nafaka anaanza na bakuli moja, analifunika kwa kifuniko cha mbao, analiweka juu ya rafu. Calum anauliza ni la nani. "La mama," anasema. Na Calum hamwambii kwamba anaharibu chakula. Anasogeza vitu vyake rafu ipate nafasi. Kisha ukurasa unageuka, tuko Guildford, na mama mmoja mwenye sare ya kazi anapakua bugali. Anaanza na sahani ya Zawadi. Anaweka ndagala nyingi. Anafunika.

Neema akashusha simu, akanitazama. Nilikuwa mwenye kujibu. Nilitafuta swali.

"Eeh," nikasema. Sikuwa na swali.

Furaha alipangusa macho kwa aproni, akasema, "Huyo Calum si mbaya sana. Lakini mkate bado hajanunua."

Kitabu kimekwenda kwa yule mama wa kampuni. Jibu bado, na mimi jibu lake sina haraka nalo, kwa sababu kitabu kipo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Andika unachotaka. Asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa ulizaliwa kambini huna ruhusa ila ya kuandika hema na machozi. Kama roho yako inaitaka Uskoti, nenda Uskoti, ingia kwa kontena, kwa shimo la panya, kwa njia yoyote, na ukifika uliza kila kitu: wanajifungaje nguo, wanachoma nini, wanakojoa wapi. Udadisi ni heshima, mtu unayemuuliza unamwambia kwamba umemwona. Ila ukimtoa mtu nyumbani, katika kitabu au katika maisha yako mwenyewe, geuka umtazame aliyebaki mlangoni. Hata ukiwa na furaha huko uliko, hasa ukiwa na furaha. Piga simu. Taja jina. Na sisi wazazi tuliochoka na shifti, tukiona mtoto anaandika tumuulize anaandika nini kabla hatujamwambia afute. Huenda anatafuta kitu ambacho sisi wenyewe tulikifungia kabatini.

Mungu aliyewavusha awape pa kuweka kichwa, awape wa kuwaambia "eeh" mkisimulia, na kila mtu wenu aliye mbali apakuliwe sehemu yake mahali fulani, na mtu mwema, usiku wa leo.

Jumamosi ile ya kwanza, sombe ilipoiva na watu wote wakawa mezani, nilimtuma Neema kabatini akaleta sahani ile, nikaipangusa kwa kikwembe changu, nikaiweka katikati. Nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Tangu leo, pakueni ya Nyota kwanza. Na asubuhi Furaha aile."